Diski zilichongwa, usukani bado unatetemeka nikikanyaga breki

SWALI

Habari za kazi, fundi.

Nina Toyota Premio ya gia otomatiki, matairi 195/65 R15. Naishi Iringa na mara kwa mara nashuka Dar es Salaam kwa gari, kwa hiyo mteremko mkali wa Kitonga naujua kona kwa kona. Mwaka jana usukani ulianza kutetemeka kila nikikanyaga breki nikiwa kwenye mwendo wa 90 hivi. Nikiachia breki unatulia palepale. Mwendo ukishuka chini ya 50 sisikii kitu mkononi, ila kanyagio la breki linapiga kidogo chini ya mguu.

Gereji walibadilisha pedi za mbele, hali ikawa ileile. Wakashauri diski zichongwe. Zilipelekwa kwenye lezi (mashine ya kuchongea chuma), zikarudi zinang'aa, na gari likawa laini kabisa. Baada ya takriban kilomita 5,000 mtetemo ukaanza upya, kidogo kidogo, na sasa uko kama mwanzo. Kwenye mteremko ni mbaya zaidi, na nikifika chini nasikia harufu ya kuungua. Rimu ya mbele kushoto inashika unga mweusi mwingi kuliko ya kulia.

Sasa fundi anataka ninunue diski mpya, tairodi mbili (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) na shokapu mbili za mbele. Mwingine anasema ni wili balansi tu, nimefanya, haikusaidia. Kabla sijatoa hela nataka kujua: ni nini hasa kinachotetemesha, kwa nini kuchonga kulisaidia halafu ugonjwa ukarudi, na je, ni salama kuendelea kushuka nalo?

Msomaji, Iringa

JIBU

Ndugu msomaji, usinunue kitu bado. Barua yako ina dalili mbili ambazo ukiziweka pamoja zinaonyesha pa kuanzia: mtetemo uliopotea baada ya diski kuchongwa ukarudi polepole, na unga mweusi unaojaa upande wa kushoto. Ya kwanza inanifanya nishuku uso wa habu, pale diski inapoegemea; ya pili, kalipa inayokwama, yaani kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski. Ukifunga diski mpya bila kugusa vitu hivyo viwili, zitaharibika kama za zamani, na baada ya miezi michache utaandika barua hii tena.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo zito. Mtetemo peke yake kwenye barabara tambarare ni kero, si hatari ya papo hapo. Harufu ya kuungua kwenye mteremko ni jambo jingine kabisa. Kalipa iliyokwama hupasha moto mafuta ya breki. DOT 3, daraja la kawaida la mafuta hayo, ikiwa mpya lazima ihimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya unyevu wa hewani kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Mafuta yakichemka mvuke hujaa kwenye paipu, na kanyagio huzama hadi chini bila gari kushika. Usishuke Kitonga na gari hilo mpaka gurudumu la kushoto lifunguliwe na kukaguliwa. Na kama hukumbuki mafuta ya breki yalibadilishwa lini, yabadilishwe kazi hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye chanzo. Mafundi wengi husema diski "imepinda". Mara nyingi haijapinda. Imepoteza unene ulio sawa. Sehemu moja ya mzunguko ni nene kidogo kuliko nyingine, ama kwa kulika, ama kwa sababu nyenzo ya pedi imegandia pale. Pedi zikibana, sehemu nene ikipita inasukuma pistoni nyuma na nguvu ya breki inapanda. Sehemu nyembamba ikipita, nguvu inashuka. Kwa hiyo breki inashika na kulegea kila gurudumu linapozunguka. Tofauti ya milimita 0.02, ambayo ni ndogo kuliko unene wa unywele, inatosha kuifikisha mkononi.

Tairi la 195/65 R15 husafiri karibu mita 2 kwa mzunguko mmoja. Kwenye kilomita 90 kwa saa huzunguka mara 12 hadi 13 kwa sekunde, na hapo karibu ndipo usukani na vyuma vya mbele vina tabia ya kucheza vyenyewe vikisukumwa. Ndiyo maana kwenye 90 mikono inatikisika, na chini ya 50 unabaki na mapigo ya kanyagio tu. Diski ni ileile, kilichobadilika ni kasi ya mapigo.

Kwa nini ilirudi? Hapa ndipo penye kiini. Diski inaweza kuwa na unene sawa kabisa lakini ikazunguka kwa kuyumba, upande huu na upande ule, kwa sababu haikukaa wima kwenye habu. Siku ya kwanza husikii kitu, maana kalipa huteleza kuifuata. Lakini hata usipokanyaga breki, ule upande uliotokeza unagusa pedi mara moja kwa kila mzunguko. Kilomita moja ni mizunguko 500; kilomita 5,000 ni mizunguko milioni mbili na nusu. Pale panapoguswa panasuguliwa taratibu mpaka panakuwa pembamba, na mtetemo unarudi hatua kwa hatua kama ulivyoueleza. Mtu wa lezi alisawazisha unene. Kilichokuwa kinaharibu unene kilibaki kwenye gari.

Kabla ya kufungua chochote, thibitisha kwamba tatizo ni la mbele. Mtetemo wa mbele huja kwenye usukani. Wa nyuma huja kwenye kiti na sakafu. Maelezo yako yanasema mbele. Ukitaka uhakika, tafuta barabara iliyonyooka, kavu na isiyo na magari, nenda 50, bonyeza kitufe cha handibreki bila kukiachia na uvute kidogo tu. Gari likitetemeka, nyuma nako kuna kasoro. Angalizo: magari mengi yenye diski nyuma yana viatu vidogo vya handibreki ndani ya kitovu cha diski, kwa hiyo jaribio hilo halipimi diski yenyewe. Linafaa zaidi kwa gari lenye dramu nyuma. Kuhusu balansi, aliyekutuma huko hakusikiliza dalili: balansi mbovu hutikisa usukani kwenye mwendo fulani hata mguu ukiwa mbali na breki. Na mdundo wa ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki, ni tofauti pia. Huwa wa haraka, una sauti ya kukwaruza, na huja ukikanyaga kwa nguvu au pakiwa na utelezi.

Jaribio jingine halina gharama. Endesha kilomita 10 hivi ukitumia breki kwa uchache, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Rimu ya kushoto ikitoa joto zaidi waziwazi, kalipa ya kushoto haiachii.

Sasa kazi ya gereji. Gari lipandishwe jeki na likae juu ya stendi. Kabla ya kutoa gurudumu, lizungushe kwa mkono: linapaswa kuzunguka na pedi zikigusa kidogo tu. Likigoma, fungua nati ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa. Gurudumu likiachia ghafla na mafuta yakaruka, presha ilikuwa imenaswa, na mshukiwa wa kwanza ni paipu ya mpira iliyovimba ndani. Paipu hiyo inabadilishwa, haizibuliwi. Likiendelea kugoma, tatizo ni pistoni ya kalipa au pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Hewa itolewe baada ya jaribio hili.

Toa kalipa na uifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa paipu yake. Tazama pedi. Zote mbili zinapaswa kulika karibu sawa. Pedi ya ndani ikiwa nyembamba sana kuliko ya nje, pini za kalipa hazitelezi, au pistoni hairudi. Zichomoe pini mbili, usizichanganye, kwa sababu kwenye kalipa nyingi moja ina kipande cha mpira mwishoni na kila moja ina tundu lake. Zisafishwe mpaka chuma kionekane, zikaguliwe kama zina vidonda vya kutu, zipakwe grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya magari inavimbisha mpira, na pini inakwama tena baada ya muda mfupi. Nimeona kalipa nyingi zikihukumiwa kufa wakati zilichohitaji ni grisi sahihi na mpira mpya wa kuzuia vumbi. Pistoni nayo isukumwe ndani polepole. Ikigoma au mpira wake ukiwa umechanika, kalipa ifunguliwe na kuwekewa mipira mipya. Pistoni ikirudi ndani mafuta hupanda kwenye kopo lake, kwa hiyo angalia yasimwagike, yanakula rangi.

Kisha toa diski na uangalie uso wa habu, yaani ile sehemu bapa ambayo diski huegemea. Hapo ndipo gereji nyingi hupita haraka. Kutu hukaa kwa magamba, hasa kuzunguka bolti na kwenye ukingo wa kitovu, na gamba moja linatosha. Chukulia uso wa habu una upana wa milimita 140 na diski 275. Gamba la milimita 0.05 kwenye ukingo wa habu linakuwa karibu 0.1 kwenye ukingo wa diski, mara mbili ya kinachokubalika. Sugua kwa brashi ya waya, halafu msasa wa namba 80 uliozungushiwa kibao bapa, mpaka kidole kikipita kisikwame popote. Kuzunguka mizizi ya bolti brashi haifiki vizuri. Tumia kipande cha msasa kilichokunjwa. Fanya hivyohivyo nyuma ya diski na kwenye mgongo wa rimu. Usipake rangi wala grisi nzito kwenye nyuso hizo.

Baada ya usafi ndipo vipimo. Rudisha diski, ibane kwa nati zote ukiweka washa (ringi bapa za chuma) chini ya nati ili ikae kama inavyokaa na rimu. Funga stendi ya sumaku yenye geji ya saa kwenye chuma kinachobeba kalipa, ncha ya geji iguse diski milimita 10 kutoka ukingoni, uzungushe taratibu mzunguko mzima. Kikomo cha kuyumba kwenye Toyota ndogo nyingi ni milimita 0.05, kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Ukipata zaidi, weka alama ya chaki kwenye diski na bolti moja, chomoa diski, isogeze tundu moja, upime tena. Pitia matundu yote na ubaki pale penye namba ndogo kabisa. Kuyumba kwa diski na kuyumba kwa habu mara nyingine hufutana, na kwa kuisogeza tu unapata diski iliyotulia bila kununua kitu. Ikikataa kwenye matundu yote, toa diski upime habu yenyewe, kisha uivute na kuisukuma kuangalia kama beringi ina mchezo.

Unene upimwe kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo sana, sehemu nane kuzunguka diski, zote kwa umbali uleule kutoka ukingoni. Venia ya kawaida haitoshi: taya zake zinakaa juu ya ukingo wa kutu, na tofauti unayoitafuta ni ndogo kuliko inavyoweza kusoma kwa uhakika. Andika namba zote nane kwenye karatasi. Kubwa ukitoa ndogo ikizidi 0.02, hapo ndipo mtetemo wako ulipo. Linganisha pia ile ndogo na kikomo kilichochongwa kwenye diski yenyewe, kwa kawaida baada ya herufi MIN. Kwa mfano, diski iliyotoka kiwandani na milimita 25 mara nyingi kikomo chake ni 23. Zako zimeshapita kwenye lezi, kwa hiyo huenda hazina nyama ya kuchongwa tena.

Kama nyama ipo, zichongwe, lakini kwa masharti. Lezi nyingi za mtaani ni za kazi zote. Diski ikibanwa na taya kwenye kitovu chenye kutu, inachongwa ikiwa imekaa upande. Sehemu ya kukalia isafishwe kwanza, na mtu wa lezi aangalie kwa geji kabla ya kuanza kukata. Zichongwe zote mbili za mbele, na zikirudi zipimwe tena zikiwa kwenye habu. Kung'aa hakuonyeshi chochote.

Diski mpya zinunuliwe ikiwa unene uko kwenye kikomo au karibu nacho, au ukiona nyufa zinazofika ukingoni, au madoa ya bluu yaliyokolea. Madoa hayo ni mahali chuma kilipopata joto kali. Mara nyingi huwa pagumu kuliko panapopazunguka, na hata pakichongwa hutokeza tena pedi zikianza kula. Nunua jozi pamoja na pedi mpya. Oili ya kuzuia kutu iliyopakwa kiwandani ioshwe kwa dawa ya kusafishia breki, au maji ya moto na sabuni, zikaushwe vizuri. Ukibaki na pedi za sasa kwenye diski zilizochongwa, zisugue uso kwenye msasa uliolala juu ya kioo au meza bapa, mradi nyenzo yake bado inafika milimita 4.

Tairodi na shokapu. Tairodi iliyolegea haianzishi mtetemo wa breki. Inauachia njia ya kufika mkononi. Gari likiwa juu, shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise: mchezo huko ni tairodi. Shika juu na chini: ni bolijointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachobeba gurudumu) au beringi. Chukua mtaimbo ujaribu kusogeza wishboni, mkono wa chini unaoshika gurudumu, mbele na nyuma ukitazama bushi yake ya nyuma. Bushi hiyo ikichanika, gurudumu zima linarudi nyuma ukikanyaga breki, na mtetemo mdogo unakuwa mkubwa. Kati ya vyote hivi ndiyo ningeitazama kwa makini zaidi kwenye gari linalopita barabara mbovu. Kilicholegea kibadilishwe, kilicho kizima kiachwe. Shokapu isiyovuja na isiyoruhusu gari kudundadunda haina kesi hapa.

Kazi ikiisha, kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka kanyagio liwe gumu. Pistoni zilizosukumwa ndani huacha breki ya kwanza ikiwa tupu. Kisha zizoeze pedi. Kwenye barabara iliyo wazi punguza mwendo kutoka 60 hadi 15 kwa nguvu ya wastani, mara nane hadi kumi, ukiacha nusu dakika kati ya kila mara, bila kusimama kabisa. Halafu endesha dakika kumi bila kugusa breki sana zipoe. Ukisimama na kushikilia kanyagio breki zikiwa za moto, pedi inaacha alama yake pale ilipobana, na unene usio sawa unaanzia hapo.

Hilo linahusu Kitonga moja kwa moja. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 100 tu za kimo kwa breki peke yake, joto linalobaki kwenye diski mbili za mbele za kilo 6 hivi kila moja linaweza kuzipandisha kwa nyuzi kama 180, upepo usiposaidia. Kwa hiyo weka gia kwenye 3 au 2 kabla ya mteremko kuanza, injini ishike. Breki ikanyagwe kwa uthabiti kwa muda mfupi, iachiwe ipoe. Mguu usilale juu yake. Ukifika chini usisimame hapohapo, endelea taratibu kilomita mbili au tatu. Wala usioshe rimu kwa maji baridi mpaka uweze kuzigusa.

Jambo la mwisho ni nati za magurudumu. Toyota ndogo nyingi zinataka niutoni-mita 103, zikifungwa kwa kurukaruka kutoka nati moja hadi ile inayoikabili, si kwa kufuatana. Kwa spana ya nusu mita ni kama kusukuma kilo 21 ncha yake. Mtu wa kilo 70 akipanda juu ya spana ya sentimita 40 anafikisha karibu 275, na mashine ya upepo hukaza bila mpangilio, nati moja hivi, nyingine vile. Diski ikibanwa kwa nguvu zisizolingana inakaa upande hata kama habu ni safi kabisa. Waambie wamalizie kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Zikaguliwe tena baada ya kilomita 100, na kila mara utakapozibiwa pancha njiani, zilegezwe na kukazwa upya kwa kipimo hichohicho.